Sanduku la Vizazi vya Mutsamudu

Kila Alhamisi saa tano asubuhi, watu wakishapungua dirishani, Chaher, karani wa vizazi mjini Moroni, alifunga mlango wa chumba cha kumbukumbu, akanawa mikono, akatandaza kitambaa cheupe mezani na kutoa matoleo kumi ya katuni za Rubani Darnac ili ayakague. Alianza na pini. Hewa ya Moroni ina chumvi, na pini mbili zinazoshika kurasa katikati ndizo zinazopata kutu kwanza. Kutu ikishaingia kwenye karatasi haitoki tena. Baada ya pini alitazama mgongo wa kijitabu kama una mkunjo, kisha pembe nne, kisha ukingo wa kurasa kama umegeuka njano. Alama za penseli alizifuta kwa makombo ya mkate, akiyabingirisha kwa kidole kimoja. Madoa ya mafuta hayakuwa na dawa, na aliyekula sambusa huku akisoma, Chaher hakumsamehe.

Alikuwa na madaraja manne aliyoyabuni mwenyewe: bikira, nzuri, iliyosomwa, na maiti. Bikira ni kitabu ambacho hakijawahi kukunjwa nyuma na mtu aliyelala kitandani. Maiti ni kile kilichopoteza jalada. Mfululizo mzima wa Rubani Darnac ulikuwa na matoleo sitini, na Chaher alikuwa nayo yote, bikira hamsini na moja na nzuri tisa. Hapakuwa na mtu mwingine visiwani aliyekuwa na mfululizo mzima, na tuseme ukweli, hapakuwa na mwingine aliyeutaka.

Katuni hizo alizipata mwishoni mwa mwaka 1975, uhuru ulipokuwa na miezi mitano. Wafaransa waliokuwa maofisini walifungasha virago kwa wiki chache tu, na visivyoenea kwenye mizigo viliachwa barazani. Watu walichukua majokofu, vitanda na feni. Chaher alichukua katuni.

Kwa nini aliziweka ofisini, jibu ni jepesi kwa yeyote anayeijua Moroni. Nyumba ya mtaa wa Magoudjou ilikuwa ya mkewe, Hadjira, kama ilivyo desturi kwamba nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake, na wakiachana hutoka nazo. Chaher alikuwa na misumari miwili ukutani na nafasi ya chini ya kitanda upande wake. Hadjira alishasema mara moja kwamba karatasi kuukuu huleta mende, na katika nyumba yake mara moja ilitosha.

Sanduku zuri kuliko yote ofisini lilikuwa la mbao nzito, limepigwa bati ndani, na mfuniko wake ulibana hata unyevu ukakosa njia. Ndani yake yalikaa madaftari saba ya vizazi vya mji wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Ilikuwa nakala ya pili, iliyotunzwa makao makuu ili ya kwanza ikipata ajali watu wasipotee. Chaher aliyatoa madaftari, akayapanga rafuni juu ya gazeti, akaweka katuni zake sandukuni pamoja na konzi mbili za karafuu kuzuia wadudu. Maandishi meupe ubavuni hakuyafuta. Yalisema MUTSAMUDU, VIZAZI. Alijiambia kuwa ni kwa muda, na muda huo ukafika miezi kumi na sita.

Mwezi wa Aprili 1977 serikali ya Mongozi, ndivyo rais alivyoitwa, ilitaka nchi ianze upya, na nchi inayoanza upya haina haja ya kumbukumbu. Watumishi wa serikali waliachishwa kazi, na ofisi zikashikwa na wanafunzi. Waliofika ofisini kwa Chaher waliongozwa na msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Bahiat, mzaliwa wa Mutsamudu, mwenye sauti ya upole na orodha mkononi. Mwaka uliotangulia Chaher alimwandikia cheti cha kuzaliwa siku hiyo hiyo, bila kumzungusha njoo kesho, na hilo Bahiat hakulisahau. Alimwambia kuwa anaweza kutoka na kitu kimoja kilicho chake, kinachobebeka kwa mikono miwili.

Moto ulikuwa umeshawashwa uani. Madaftari saba yalikuwa rafuni, upande wa kulia. Sanduku lilikuwa sakafuni, upande wa kushoto. Madaftari saba yanabebeka kwa mikono miwili. Chaher alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeyapandisha rafuni. Alisimama katikati kwa muda wa kusema bismillahi, halafu akainama kushoto.

Mlangoni Bahiat aliyasoma maandishi meupe. Alikunja orodha yake mara mbili, akageuza uso upande wa moto.

"Pita, baba," alisema. "Mimi sijaona kitu."

Alidhani anaupitisha mji wake. Chaher alilielewa jambo hilo kabla hajafika barabarani, na bado angeweza kurudi, kwani wanafunzi walikuwa wameanza na rafu za Moroni na Mutsamudu ilikuwa haijafikiwa. Lakini sanduku lilikuwa zito, na barabara ilikuwa inateremka.

Njiani alipita mbele ya duka la vitambaa, mbele ya msikiti na mbele ya wanaume waliokaa kutazama moshi. Kila mtu aliyasoma maandishi, na nyumbani Hadjira naye aliyasoma, akaliacha sanduku likae chini ya kitanda. Jioni ile, kwenye swala ya magharibi, mtu asiyemjua alimshika mkono akaubana mara mbili. Kesho yake majirani walileta samaki. Habari zikaja kwamba nakala ya kwanza, ile ya Mutsamudu kwenyewe, nayo imeungua wiki hiyo hiyo, na hapo watu wa Ndzuani wanaoishi Moroni wakaanza kufika nyumbani kwa Hadjira mmoja mmoja, na vifurushi vya karafuu, na paja la mbuzi, na sabuni iliyokuwa adimu siku zile. Hawakuomba kuliona sanduku. Walitaka tu kujua kama liko mahali pakavu, na Chaher aliwajibu kuwa liko pakavu, nalo lilikuwa pakavu kweli. Zamani waliokuwa na shida walimwita Chaher wa vizazi. Sasa walianza kumwita Fundi, kama wanavyoitwa wenye elimu ya dini.

Alikusudia kuwaeleza. Siku ya kwanza aliona watu wamechoka, siku ya pili mvua ilinyesha, na baada ya wiki mbili ingebidi aeleze pia kwa nini hakueleza. Aliona haya, nayo ni haya ya mtu ambaye amesifiwa kwa kitu alichokiua mwenyewe, lakini samaki walikuwa wabichi na watu walikuwa na furaha.

Mtu wa kwanza alionekana mwezi wa Ramadhani. Chaher alikuwa akikagua toleo la tisa, ukurasa wa kumi na mbili, pale injini inapozima na Rubani Darnac anatua jangwani. Nyuma ya bawa la ndege alikaa mzee mmoja akishona kofia. Chaher alikijua kitabu kile ukurasa kwa ukurasa, na mshona kofia hakuwamo. Alichukua lenzi, akatazama. Wino ulikuwa wa kiwandani, nukta zake zilikaa sawasawa na nukta za mchanga na za ndege. Hapakuwa na alama ya kalamu wala unyevu. Aliandika kwenye daftari lake dogo: Toleo la 9, uk. 12, mshona kofia. Hali: bikira.

Kufikia Idi ya kuchinja walikuwa mamia. Vichochoro vya Mutsamudu, vyembamba na vya mawe, vilipita katikati ya viwanja vya ndege. Wanawake walivaa shiromani, nguo nyekundu wanayojifunika wanawake wa Ndzuani, na wekundu ulitoka vizuri ingawa kurasa za ndani za katuni zile zilichapwa kwa wino mweusi mtupu. Rubani Darnac ilimbidi kuwasogeza watu kidogo ili aifikie ndege yake, lakini aliwahi kila safari. Viputo vya maneno vilivyokuwa vyake vilipungua ukubwa kuwapisha wengine, na wengine hao hawakusema mengi. Kila mmoja alitaja jina lake, jina la baba, la mama, siku na mwaka. Chaher aliyatambua majina. Alikuwa ameyanakili kwa mkono wake kwa miaka kumi na tisa. Katika toleo la thelathini na moja alimkuta Bahiat, mtoto wa siku saba, amefungwa mgongoni kwa mama yake, akitazama rubani anavyowasha sigara.

Hadjira alionyeshwa kurasa tatu. Aliuliza watu wale wanakula nini humo. Kisha akauliza madaftari yenyewe yako wapi, na Chaher akamwambia kuwa yameungua. Hadjira aliurudisha mfuniko, akaubana vizuri, na toka siku ile alizipokea zawadi mlangoni bila kusema ahsante.

Swali lililomsumbua Chaher, na ni vibaya kulisema lakini ndilo lililomsumbua, lilikuwa la thamani. Kosa la kiwandani hupandisha bei ya kitabu. Mchoro wa mkono huishusha. Watu wa Mutsamudu walikuwa upande gani? Jibu lilikuja Mei 1978. Serikali ilipinduliwa, Mongozi akauawa, na kati ya askari wa kukodiwa walioingia na mapinduzi alikuwamo Mzungu mmoja aliyemsoma Rubani Darnac tangu utoto wake. Alisikia habari sokoni kwamba kuna karani anayeuliza bei za katuni, akaja Magoudjou, akavua viatu mlangoni, akapekua toleo la tisa kwa ncha za vidole. Alisema hajaona chapa ya namna ile popote. Alitaja bei ambayo ingetosha kumfanyia mtu anda, harusi kubwa ya mji ambayo bila hiyo mwanamume wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, haketi mbele mkutanoni. Sharti lake moja: yote sitini, bila ukurasa hata mmoja kupungua. Chaher akasema haziuzwi. Alizipenda, na hilo tumpe.

Anda lenyewe lilikuwa limepigwa marufuku na Mongozi, na alipokwisha kuzikwa likarudi, na wanaume wakarudi kila mtu kwenye safu yake pale bangwe, uwanja wa mji. Chaher hakuwahi kufanya anda. Alijiandaa kurudi nyuma, kwenye jiwe la pembeni alikokaa miaka yote. Wazee wakamwita.

"Fundi, njoo mbele."

Alikwenda akakaa. Jiwe la mbele lilikuwa laini kwa kukaliwa.

Mwezi wa Julai alifika Koultoumi. Alitoka Mutsamudu kwa ndege ya asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, na kapu la karafuu na salamu za mtaa mzima, ambazo alizitoa zote kwa majina kabla ya kukubali kukaa. Halafu akasema shida yake. Baba yake, Combo, alimjengea nyumba, kama baba wa Ndzuani anavyomjengea binti yake wa kwanza. Combo alikuwa amefariki. Sasa kaka yake wa baba mmoja, Moindjié, alisema kwamba Koultoumi si mtoto wa Combo, kwamba mama yake aliingia kwenye ndoa ile tayari amembeba mkononi, na kwa hiyo nyumba si yake. Mkunga alikuwa ameshakufa. Walibaki wazee wawili wa wakati ule: mmoja anakumbuka, na mwingine anakumbuka kinyume. Kadhi, aliyerudishiwa baraza lake baada ya mapinduzi, alitaka kuona cheti.

"Wakaniambia, usilie, Fundi Chaher anatuweka sote Moroni," alisema. "Nikapanda ndege."

Chaher alikuwa na maneno yake tayari. Aliyaandaa kwa mwaka mzima na zaidi. Alipofungua mdomo alijisikia akimwambia mgeni anawe mikono kwanza.

Koultoumi alinawa. Sanduku likavutwa, mfuniko ukafunguliwa, harufu ya karafuu ikajaa chumba. Alipoona majalada yenye ndege na milipuko hakuuliza kitu. Alifungua kimoja, akamwona mtu anayemjua, akafungua kingine, na polepole uso wake ukatulia kama wa mtu aliyefika nyumbani na kukuta taa inawaka.

"Umewaficha vizuri, Fundi," alisema. "Hawa watoto wa Mongozi wasingetafuta humu kamwe."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Chaher alitazama kapu la karafuu.

Koultoumi alijikuta katika toleo la ishirini na tatu, ukurasa wa arobaini. Rubani Darnac alikuwa pembeni, anakunja ramani. Katikati ya picha Combo, kijana, amekaa kizingitini mwa nyumba ya mawe na kichanga mkononi, na juu yake kiputo kilisema: Mwanangu Koultoumi, amezaliwa leo Jumanne, katika nyumba yangu, kwa mke wangu. Tarehe ilikuwapo, na mwaka. Koultoumi alisoma mara mbili kwa sauti. Mara ya pili aliufuata mstari kwa kidole.

"Nikatie huu," alisema. "Nikampe kadhi."

Toleo la ishirini na tatu ni adimu kuliko yote sitini, na lile la Chaher lilikuwa bikira. Hakusema hivyo. Alimweleza kuhusu pini. Vijitabu vile vimefungwa kwa karatasi zilizokunjwa katikati, hivyo ukikata ukurasa wa arobaini, ule wa ishirini na tano upande wa pili hauna tena kinachoushika, nao utadondoka. Katika ukurasa wa ishirini na tano kulikuwa na familia ya watu tisa. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana aliona haya zaidi, kwa sababu uongo wenyewe usingemtii vile. Akaongeza kwamba kumbukumbu ya serikali haichanwi. Koultoumi aliitazama ile familia ya watu tisa, akamwomba radhi kwa kufikiria nafsi yake peke yake.

Chaher alimwandikia nakala kwa mkono, kwa mwandiko wake mzuri, bila mhuri, kwani mihuri nayo iliungua. Koultoumi alikunja karatasi ile, akaitia kifuani, akaahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote walivyofichwa. Serikali hubadilika, alisema.

Kadhi aliikataa. Karatasi isiyo na mhuri, alisema, hata yeye anaweza kuiandika. Aletwe mwenye daftari aseme mbele yake. Watu wa mtaa wa Koultoumi wakachanga nauli, na wiki ya pili Chaher akapanda ndege hadi Ouani, kwenye uwanja wa ndege wa Ndzuani. Ndani ya mkoba wake, kwenye kitambaa cheupe, katikati ya kadibodi mbili, aliweka toleo la ishirini na tatu. Tangu Moroni hadi Ouani aliushika mkoba mapajani. Alikuwa ameamua. Atakitoa, atakifungua ukurasa wa arobaini, atasema lile alilolifanya, na yakishakwisha atakwenda kukaa kwenye jiwe lake la nyuma mpaka afe. Alipopita kijiji cha Mirontsy, njiani kwenda Mutsamudu, gari likiwa limejaa wenyeji waliomwachia kiti cha mbele, bado alikuwa ameamua.

Mutsamudu walimpokea kama bwana harusi. Wanawake walitoka vizingitini kwa shiromani zao wakamrushia asumini. Wanaume walimshika mkono na kumtajia majina yao na ya baba zao, siku na mwaka, ili aone kama yamo, naye akajibu kuwa yamo. Aliwafahamu wengi kwa sura. Mshona kofia alikuwa pale, mzee kuliko kwenye picha, akampa kofia aliyomshonea. Ilimwenea.

Chumba cha kadhi kilikuwa na mkeka, meza fupi na dirisha moja. Moindjié alikaa kulia, mtu mnene mwenye kikohozi, na hakumtazama mtu. Koultoumi alikaa kushoto. Nje, kichochoro kilijaa. Chaher aliweka mkoba katikati ya miguu yake. Kadhi alimkaribisha, akamsifu kwa maneno machache, akamuuliza kama daftari la vizazi liko naye.

Chaher akasema daftari halikuweza kusafiri.

Kadhi akasema anaelewa, kitu cha thamani hakitembezwi. Basi na aseme alichokiona. Msahafu ukaletwa, ukawekwa mezani, na Chaher akaweka mkono juu yake. Mkono ulikuwa safi. Alikuwa amenawa mara mbili.

"Fundi aliliona jina langu kwa macho yake," Koultoumi alisema. "Mwambie tu, Fundi."

"Uliliona jina la Koultoumi binti Combo," kadhi aliuliza, "katika daftari la vizazi?"

Mwaka mmoja na miezi mitatu ilikusanyika katika swali lile. Akisema ndiyo, ameapa uongo juu ya msahafu, maana daftari lilikuwa majivu. Akisema aliliona kwingine, itabidi afungue mkoba, na kichochoro kizima kingeona ndege na mlipuko wa jalada, na kuelewa kilichobebwa siku ile na kilichoachwa rafuni. Hata hivyo hilo ndilo lililomleta. Alisogeza mguu, akahisi pembe ya kadibodi. Alifikiri juu ya jiwe la mbele. Alifikiri pia, Mungu amsamehe, kwamba dirishani kuna jua, na jua hufifisha rangi nyekundu.

"Sikumbuki," alisema.

Kadhi alimuuliza tena, kwa upole, kwa sababu alidhani mgeni amechoka na safari. Karani aliyekumbuka majina ya mji mzima, aliyekuwa ameyathibitisha kichochoroni tangu asubuhi, alirudia kwamba hili moja halikumbuki. Koultoumi hakusema kuhusu katuni. Alikuwa ameahidi. Aliinamisha kichwa, akaweka mikono mapajani, akawa anasikiliza yaliyobaki kama yanamhusu mtu mwingine. Kabla ya swala ya adhuhuri nyumba ilikuwa ya Moindjié.

Koultoumi alimsindikiza hadi Ouani. Chaher alimwomba asije, naye akaja, na kapu jingine la karafuu, za mavuno mapya. Walisimama kivulini kungoja ndege. Ilichelewa, na Chaher angetoa chochote isichelewe. Mwisho Koultoumi alisema neno alilokuwa amelibeba njia nzima.

"Usijilaumu, Fundi. Ungesema wapi uliliona, wangeijua siri, na wale wengine wote wangekuwa hatarini. Mimi ni mmoja. Wao ni wengi."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Chaher aliona haya, akachukua kapu, kwa kuwa kulikataa kungehitaji maelezo.

Nyumbani Magoudjou alinawa, akatandaza kitambaa, akafungua toleo la ishirini na tatu. Katika ukurasa wa arobaini mlango wa nyumba ya mawe ulikuwa umefungwa. Combo alikaa kizingitini vilevile na mtoto mkononi, ila sasa walikuwa nje, na kando yao kulikuwa na mkeka uliokunjwa na sufuria mbili. Combo alikuwa ameinua uso. Alimtazama anayesoma. Chaher alifungua toleo la tisa, mshona kofia naye ameacha sindano na anatazama. Alifungua la thelathini na moja, na mtoto Bahiat, na mama yake, na wauza samaki, na familia ya kila ukurasa, wote walikuwa wamegeuka upande wa msomaji, bila hasira, kama watu waliopanga foleni dirishani na kuambiwa wasubiri kidogo. Rubani Darnac peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Kwa wiki tatu Chaher hakukagua kitu. Wiki ya nne alimwita Mzungu.

Mzungu alikaa sakafuni siku nzima, akapekua yote sitini. Aliona kwamba watu wanamtazama, akasema hilo linaongeza bei. Alihesabu kurasa, akatazama pini kwa lenzi, akanusa karafuu, akauliza kwa heshima ya mtu anayemuuliza mwenzake kama kuna chochote kilichopungua.

"Hakuna kilichopungua," Chaher alisema.

Mzungu alizifunga kumi kumi kwa karatasi laini, na siku ya Jumapili zikapanda ndege kwenda Ulaya. Chaher alifikiria kumpelekea Koultoumi sehemu ya pesa, akaona itabidi aeleze zimetoka wapi. Alisikia kwamba anaishi chumba cha nyuma kwa jirani, na kwamba kila anayesema vibaya juu ya Fundi Chaher anamkatiza.

Sanduku halikuuzwa. Liko chini ya kitanda, upande wake, na maandishi meupe yanasomeka vizuri. Watu wa Ndzuani bado hufika, huuliza kama liko pakavu, na huambiwa liko pakavu. Zile karafuu za Ouani Hadjira hakuzipikia. Alizimimina zote ndani ya sanduku, akabana mfuniko, akamwambia mumewe kwamba sanduku hilo ni la karatasi na halina haja tena ya kuwa ndani ya nyumba yake, lakini kwa ajili ya wageni ataliacha.

Ijumaa ya kwanza tangu katuni ziondoke, baada ya swala, Chaher alikwenda bangwe akasimama nyuma, karibu na jiwe la pembeni, kofia mpya kichwani. Alikuwa na maneno mdomoni, machache tu, na mara hii alikuwa ameyapanga vizuri. Wazee walimwona. Walisogea, wakamwachia nafasi.

"Fundi, njoo mbele."

Alikwenda akakaa.